Boksi la Kijani

Nina maboksi matatu ya roboti mmoja.
Si maroboti matatu: huyu mmoja tu,
lori jekundu linalosimama likawa mtu,
magurudumu yakageuka mabega,
kichwa kikachomoza kwenye injini
kama kobe aliyesikia mvua imekatika.

Boksi la kwanza lina dirisha la plastiki.
La pili halina. Lina picha:
miezi miwili angani, lori likikabana na pweza wa chuma.
La tatu ni hilohilo la pili,
ila anga lake ni la kijani.

Kwa kijani hicho nilikula tambi za pakiti miezi mitano.
Kwa kijani hicho dada yangu Tomoe
alininunia siku ya harusi yake,
nilipofika na suti ya kuazima na bahasha nyembamba.
"Boksi, Kunihiro? Boksi?"
Nikaanza kumweleza habari za matoleo.
Akaenda kupiga picha na wengine.

Miaka kumi na mmoja nimebishana na Shimozato,
mwenye duka la ghorofani kule Nipponbashi.
Yeye ashikilia: kijani kilipelekwa soko la kaskazini.
Mimi nashikilia: kilikuwa cha majaribio.
Tumepima unene wa kadibodi kwa kipimo cha fundi saa.
Tumenusa gundi.
Nyumba njema si mlango, wasema wahenga,
fungua uingie ndani;
sisi tumekaa mlangoni
tukihesabu misumari.

Kisha, chini ya mkunjo, kwa kioo cha kukuzia,
nikaona muhuri mdogo kuliko punje ya mchele:
jina la kiwanda cha uchapaji, Higashi-Osaka.
Kiwanda sasa ni maegesho ya magari.
Ila jirani akanionyesha nyumba ya Bi Isogai,
aliyekunja maboksi pale miaka kumi na sita.

Mimi nilivaa glavu.
Yeye alilipokea kwa mikono iliyotoka kumenya persimoni.
Akaligeuza, akalipapasa pembeni
kama mtu apapasaye paji la mtoto mwenye homa,
akacheka hadi meno ya bandia yakacheza.

"Hii ni ile Ijumaa! Buluu ilituishia,
na dereva amekwisha kuwasha gari nje.
Kadowaki akairefusha kwa manjano,
kama uongezavyo maji kwenye supu wageni wakizidi.
Mia tatu hivi. Tulijua yatarudishwa,
tukajua tutakatwa mshahara.
Hayakurudi. Hakuna aliyetazama."

Hakuna aliyetazama.
Nikanywa chai yangu yote kwa mkupuo, ikaniunguza.

Halafu akauliza, kwa sauti ya chini,
kana kwamba ni aibu kuuliza umri ule:
"Na humu ndani mlikuwa na nini?"
Kwao maboksi yalitoka bapa, matupu, yamefungwa kamba.
Miaka yote hiyo alidhani ni kifaru cha vita.

Sikuwahi kusema ndiyo. Wala sikusema hapana.
Kidole gumba chake kilipita chini ya mkunjo,
kwa mazoea,
na mkanda wa gundi wa mwaka wa sabini na tisa,
wa manjano kama ukucha wa mzee,
ukaachia kwa mlio mdogo, mtu akitema kokwa.
Nusu ya bei ikatoka nayo hewa ya zamani.
Nilisikia ikitoka.

Alimgeuza vibaya.
Mguu mmoja ukabaki gurudumu,
mkono ukaelekea nyuma,
si lori, si mtu, kitu fulani njiani,
akamsimamisha mezani kati ya maganda ya persimoni
akamtazama muda mrefu sana.
"Kumbe ni wewe," akamwambia.

Nilirudi na treni ya saa moja, boksi mapajani, wazi.
Glavu nimezisahau kwake.
Shimozato sijamwambia.
Mwache anuse.